Maji ya Kapeti ya Aanyu

Mke wangu Aanyu alikuwa dobi. Alifua shuka za gesti moja kule Tororo, nyuma ya stesheni ya reli, tangu tulipooana mpaka magoti yalipomkatalia. Waliolala kwenye shuka zile hawamjui. Mtu akilala pasafi haulizi.

Mimi ni Maloba, Msamia wa Bulumbi. Yeye alikuwa Mteso wa Merikit. Lugha yake sikuiweza, yangu hakuitaka. Tulikutana katika Kiswahili cha sokoni, tukapendana humo, tukagombana humo, tukazeeka humo. Watoto walipokuwa wadogo walidhani ndiyo lugha ya ukoo wetu. Kwa hiyo nayaandika haya hivi hivi. Kwa lugha nyingine asingenisikia.

Shuka hazikumsumbua. Kazi aliyoijulia ilikuwa kapeti. Tororo ni mji wa saruji, na lile vumbi jeupe linaingia kila mahali. Ukichukua kapeti yenye vumbi lile ukaitia maji kwanza, umeiua. Vumbi linashika ndani, kapeti inakuwa ukuta. Aanyu aliitundika kwanza, akaipiga kwa fimbo ya mpera, upande wa nyuma, mpaka ikaacha kutoa moshi. Ndipo maji, ndipo sabuni, ndipo brashi, tena kwa kufuata manyoya yanakolala. Wasichana wapya walikuwa wanasugua kwa nguvu ili mwenye gesti awaone. Aliwaambia, "Kapeti haioshwi kwa hasira. Inajua."

Mwenye gesti alipoweka vigae alimpa kapeti moja ya zamani. Nyekundu iliyokolea, na kwenye pembe moja alama ya pasi iliyoungua. Aliileta nyumbani kwa bodaboda, kapeti imekunjwa katikati yake na dereva kama abiria mnene. Aliitandika sebuleni, akasimama mlangoni akaiangalia, akasema sasa na sisi tuna nyumba. Kila Krismasi aliiosha mwenyewe kisimani. Hakuna aliyeikanyaga na viatu. Hata katekista alivua, na soksi yake ilikuwa imetoboka kidole kikachungulia. Aanyu aliingia jikoni akacheka huko peke yake, akarudi na chai uso umenyooka.

Halafu presha ikamwangusha. Upande wa kushoto ukafa. Kitanda chetu kimeinuka sana, alikuwa anaanguka, kwa hiyo niliweka godoro chini sebuleni, juu ya kapeti, mahali alipoweza kuona mlango na watu wanaopita kwenda kuteka maji. Hapo ndipo alipoishi. Uji ulimwagika hapo. Dawa ilimwagika hapo. Na mengine ya mgonjwa, ambayo siyataji. Kichwa kilipoanza kumuuma nilimnyoa mwenyewe hapo hapo, kwa mkasi. Nywele zilikuwa fupi, nyeupe pepe. Zilianguka kwenye manyoya ya kapeti na sikuzipata zote. Alikuwa ananiangalia nikifagia, akasema kwa mdomo ule uliopinda, "Unaharibu. Fuata manyoya."

Watoto walipiga simu. Clifford ndiye mkubwa wetu. Anauza vifaa vya simu Busia, upande wa Kenya, na ameoa huko. Kila akipiga alisema anakuja. Kutoka Busia mpaka kwetu si safari ya kubeba chakula. Anakuja, anakuja. Alikuja na jeneza.

Jeneza lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Na pamoja na jeneza alileta paneli za sola, betri kubwa na spika, ili matanga yasikike mpaka barabarani. Aanyu aliugua kwa koroboi, akaliliwa kwa taa. Nilimshukuru kijana mbele za watu. Mtoto husifiwa mbele za watu.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu haya yote yanatoka hapo.

Kwetu, na kwao Aanyu vilevile, maji yaliyomwosha maiti hayamwagwi ovyo. Hayapiti njiani, hayaingii chooni. Yanapelekwa kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, mahali mguu wa mtu haufiki. Ukiyamwaga njiani, umemtupa mtu njiani. Aliyemwosha Aanyu ni mdogo wake, Loy, aliyekuja kutoka Merikit. Alimwoshea palepale sebuleni, tumefunga shuka mlangoni. Beseni likapelekwa mgombani. Lakini sakafu yangu imeinama, na maji mengine yalikimbia chini ya beseni yakaingia kapetini. Loy aliyaona. Baadaye alinivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, hayo mengine bado yamo humu ndani. Siku kapeti itakapooshwa, yapeleke kwa wenzake."

Nikamwambia nitayapeleka.

Sikuiosha. Mgongo wangu hauwezi kuinua kapeti iliyolowa, na sikutaka kumpa mtu mwingine. Niliiacha palepale, nikaishi nayo. Wanasema ilinuka. Sikusikia. Mtu hasikii harufu ya nyumba yake.

Caro aliisikia. Caro ni mke wa Clifford. Alikuja Pasaka na watoto, akasimama mlangoni na leso puani. Mtoto wao mdogo ana pumu, hilo nalijua. Wakawekewa viti nje, wakala nje, wakaondoka jua likiwa bado kali. Wajukuu waliniaga kwa kupunga mkono dirishani mwa gari. Kwa ajili ya pumu ya mtoto sikumlaumu. Ile leso ndiyo niliyoiona.

Ukumbusho ulipokaribia, siku ya kuweka msalaba wa saruji kaburini, Clifford alipiga simu. Akasema watu wengi watakuja, padri atakuja, wenzake wa biashara watakuja, na ile kapeti afadhali tuichome. Nikamwambia ukichoma kapeti, unichome na mimi nikiwa juu yake.  Nikasikia Caro anasema kitu kwa nyuma. Clifford akarudi na habari kwamba kuna mashine za kuosha kapeti ndani ya nyumba, bila kuitoa nje, Caro ameziona kwenye simu. Atanunua moja.

"Lakini uje uchague mwenyewe, baba," akasema. "Usije ukasema tumekuletea takataka."

Basi nikaenda. Nilivaa koti la mazishi kwa sababu ndilo koti nililo nalo. Mpakani malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida, na askari kijana aliangalia kitambulisho changu akauliza mzee anakwenda kufanya nini Kenya. Nikamwambia nakwenda kuchagua mashine ya kapeti. Akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka, wakanipitisha.

Clifford alinisubiri upande wa pili. Tukitembea kwenda dukani nilimwambia lile jambo langu. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini hilo nililisema wazi.

"Clifford. Maji yatakayotoka kwenye kapeti ya mama yako, nitayamwaga mimi. Mgombani. Asiyaguse mtu."

Alikuwa anaangalia simu. Akasema, "Sawa, baba."

Duka lilikuwa la vyombo vya nyumbani. Muuzaji alikuwa msichana anaitwa Emmy, mdomo mwepesi, mkono mwepesi. Alikuwa ametandika kipande cha kapeti katikati ya duka kwa ajili ya kuonyesha. Alimwaga mchanga juu yake, akawasha mashine ya kwanza, ndogo, yenye mpini mrefu. Ikalia, mchanga ukaisha. Clifford akapiga makofi kama mtoto. Nikauliza mchanga umekwenda wapi. Emmy akafungua tumbo la mashine akanionyesha mfuko wa karatasi umejaa vumbi. Nikauliza kama inachukua maji. Akasema ikiguswa na maji inakufa. Nikasema hapana.

Ya pili ilikuwa ya mvuke. Hiyo ndiyo Caro aliyoitaka. Nilijua kwa sababu Clifford aliipiga picha, akaituma, akangoja jibu mbele yangu. Emmy aliipitisha kwenye kipande chake na mvuke ukapanda kama wa sufuria ya viazi. Alisema hiyo inaua wadudu wote, inaondoa harufu yote, na nyepesi hata kwa mzee.

"Na maji yake yanakwenda wapi?" nikauliza.

"Yanapanda tu juu, mzee. Yanaisha."

Nikaangalia juu. Kulikuwa na feni inazunguka na bati lenye kutu. Nikasema hapana.

Clifford akavuta pumzi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ingewafaa hata wao, baadaye, kwani mimi nyumbani peke yangu ningefanyia nini mashine. Nikasikia. 

Ya tatu ilikuwa kubwa, nzito, imesimama kama bata anayetaka kuota jua. Ilikuwa na matangi mawili ya plastiki yanayoonyesha ndani. Emmy akatia maji safi na sabuni kwenye tangi la mbele. Akachukua chai yake mwenyewe, akaimwaga kwenye kapeti, akawasha. Mashine ikatema maji, ikasugua, ikayafyonza tena. Tangi la nyuma likaanza kujaa. Maji ya chai, meusi meusi, na povu juu. Yote yalikuwa mle ndani, nayaona.

Nikamwambia alitoe lile tangi. Akalitoa. Lilikuwa na kifuniko na mkono wa kushikia. Nikalishika, nikatembea nalo mpaka mlango wa duka nikarudi. Halikumwaga tone. Nikatembea tena. Watu waliokuwa dukani wakaacha walichokuwa wanatazama wakanitazama mimi.

"Mzee," Emmy akasema, "wewe wanunua mashine ama wanunua jerikeni?"

Wakacheka wote, na Clifford akacheka kidogo, ile ya aibu. Nikasema nataka hii.

Emmy ni mtu mzuri. Aliuliza kama tuna umeme wa kutosha, maana hiyo kubwa inakula. Clifford akamjibu kabla yangu. Akasema ameweka sola mwenyewe, kubwa, ilipiga spika za matanga usiku na mchana bila kuzima. Mimi pia niliona hivyo. Spika zile zilikuwa zinatikisa vikombe. Kitu kinachoweza kutikisa vikombe, nilidhani kitaweza kuosha kapeti. Tukapatana naye, tukafunga boksi.

Nilisafiri nalo magotini mpaka Bulumbi. Siku hiyo, niseme ukweli, nilikuwa karibu na furaha. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyofanya. Nitafungua mlango ili mwanga uingie. Nitafuata manyoya.

Kesho yake asubuhi Clifford alikuja kuniwashia. Tukatia maji, tukatia sabuni. Nilikuwa nimekwisha kufyeka majani kwenye shina la mgomba. Clifford akabonyeza. Mashine ikakohoa, kisanduku cha kugeuzia umeme wa sola kikalia kama kifaranga, na kila kitu kikazima, pamoja na redio ya jikoni. Akabonyeza tena. Kifaranga tena. Akaunganisha upya nyaya, akatoka nje akafuta vumbi kwenye paneli kwa shati lake, akarudi. Safari hii mashine haikukohoa kabisa.

Jirani yangu Opendi alikuwa ameingia kutazama. Akasema, "Maloba, hii si mashine ya kapeti. Hii ni posho mill. Lete mahindi."

Nguzo za umeme zilipandwa zamani kando ya barabara yetu. Waya hazijaja. Ndege ndio wanaozitumia nguzo.

Clifford akasema ataichukua kapeti na mashine, akaoshee kwake Busia, kwenye umeme, airudishe kabla ya ukumbusho. Nikasema basi nami nakuja. Akasema baba, nani ataangalia mafundi wa kaburi, nao wanakuja leo na saruji. Ilikuwa kweli. Walikuwa wanakuja, na mafundi ukiwaacha wanachanganya mchanga mwingi.

Nikaingia jikoni nikachukua jerikeni ya njano. Nikaiosha kwa majivu, nikaisuuza, nikaikausha. Nikampa mkononi.

"Maji humu," nikamwambia. "Yote. Uniletee."

"Sawa, baba."

Tulikunja kapeti pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuinuka tangu nilipoweka godoro. Chini yake sakafu ilikuwa na rangi nyingine, nyeusi zaidi, kwenye mahali pa godoro. Walipoipakia kwenye pikapu aliyokuja nayo Clifford, dereva aligeuza uso. Nikasimama barabarani mpaka vumbi lao likatulia.

Nikaangalia mafundi. Walichanganya vizuri. Msalaba ukasimama.

Kapeti ilirudi siku moja kabla ya watu kuja. Loy alikuwa amekwisha kufika kutoka Merikit na kuku wawili na mtama. Pikapu ilisimama uani, Caro akashuka akatabasamu, watoto wakashuka, na safari hii hakuna leso. Clifford na dereva wakaitandua sebuleni. Sikuwa nimeiona nyekundu ile tangu Aanyu alipougua. Ilikuwa inang'aa. Hata ile alama ya pasi ilionekana kama imewekwa makusudi. Watoto walijitupa juu yake wakabingirika, yule wa pumu pia, anacheka, hakohoi.

Nikamwona Loy ameinama. Alikuwa anainusa. Akainuka akaniangalia.

"Shemeji, maji yako wapi?"

Jerikeni ya njano ilikuwa kwenye pikapu, nyuma, kati ya magunia ya mchele. Imejaa. Niliiona, na moyo ukakaa mahali pake. Nikamwambia Loy asubiri, nikaenda nikaishusha mwenyewe, nzito, nikaibeba kupitia nyuma ya nyumba, Loy ananifuata. Tukafika mgombani. Nikafungua kifuniko. Sijui kwa nini nilinusa kwanza. Labda nilitaka kumsalimu.

Mafuta ya kupikia.

Loy alichovya kidole. Akakitazama. Akakipangusa kwenye gome la mgomba.

Nikarudi uani na jerikeni mkononi. Caro alikuwa anatoa sufuria. Akasema, "Baba, hayo weka jikoni, ni ya kukaangia kesho. Busia ni rahisi, tukasema tuijaze kuliko irudi tupu."

Nikamuuliza maji yaliyotoka kwenye kapeti yako wapi.

Hakuelewa. Alisema ah, yale, yalikuwa mabaya sana, tangi lilijaa mara nyingi, meusi, yananuka, alikuwa anayabeba na pumzi ameizuia. Alisema kwa kujisifu kidogo, kama mtu aliyefanya kazi ngumu kwa ajili ya wengine. Na ilikuwa kazi ngumu.

"Ulimwaga wapi?"

"Kwa mtaro, baba. Ule wa mbele ya nyumba."

Naujua mtaro ule. Unapita kando ya barabara ya malori. Ukijaa maji yanapanda barabarani, na malori yote ya kwenda Kampala yanapita hapo, na wachuuzi, na bodaboda, na ng'ombe wa kuchinjwa.

Caro akamwangalia mume wake. Clifford alikuwa ameshika gunia la mchele, hakuliweka chini wala hakulipeleka.

"Kwani kulikuwa na kitu?" Caro akauliza. "Mimi sikuambiwa kitu."

"Baba alisema," Clifford akasema. "Nilisahau. Lakini baba, ni uchafu tu."

Loy alikuwa amesimama nyuma yangu. Ni mwanamke wa sauti ndogo. Aliongea Kiswahili ili wote wasikie.

"Dada yangu alifua vya watu maisha yake yote," akasema. "Sasa mmemweka malori yamkanyage."

 Caro alikaa kwenye ngazi ya pikapu. Watoto waliendelea kucheka ndani. Mimi nikapeleka mafuta jikoni, kwa sababu yalikuwa mkononi mwangu.

Siku ya ukumbusho watu walijaa. Padri alibariki msalaba. Walipoingia sebuleni walivua viatu wote bila kuambiwa, kapeti ilivyokuwa nzuri, na mmoja aliuliza kama ni mpya. Clifford alisimama akahutubia. Alisema walimpenda mama, na baba hawatamwacha akae kwenye uchafu, na kwamba wamemnunulia mashine ya kisasa ya kuoshea kapeti. Watu wakapiga makofi. Wakanitazama, wakingoja nisimame nimshukuru. Mtoto husifiwa mbele za watu.

Sikusimama. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, miguu nje. Katekista akaanzisha wimbo ili kuziba pengo.

Wajukuu walilala ndani usiku huo, juu ya kapeti, kama nilivyokuwa nimetamani. Asubuhi wakaanza kupakia. Mashine ilikuwa uani kando ya pikapu. Clifford alisema kwa kuwa huku hakuna umeme, itakaa kwao, na kapeti ikichafuka nipige simu tu. Nikasema sawa. Nikaomba niione kwanza.

Lile tangi la nyuma lilikuwa tupu na kavu. Limeoshwa. Lakini chini yake kuna kijichujio, kama cha chai, na hicho hakuna aliyekumbuka kukifungua. Nilikizungusha kikatoka. Kilikuwa kimejaa tope la manyuzi, limekauka, limeshikana kama kiota cha ndege.

Nikakaa nacho kizingitini, nikaanza kuchambua kama mtu anayechambua maharage. Manyuzi mekundu ya kapeti. Mchanga. Mbegu ya ulezi, ya uji. Nyuzi nyingine ndefu, za bluu, ambazo si za nyumba yangu. Nikaelewa kwamba kabla au baada ya kapeti ya Aanyu walikuwa wameosha na zao. Na nywele. Nywele ndefu za kusuka, zile za dukani, rangi ya zambarau, nyingi. Na katikati ya zile, fupi fupi, nyeupe.

Loy alikuja akakaa karibu nami, akatandaza kitambaa chake cha kichwa.  Nyeupe tuliweka juu ya kitambaa. Zilikuwa zinanata kwenye vidole, ngumu kuzishika kwa mikono ya wazee. Dereva akapiga honi. Clifford akaita, baba, tutakuta foleni mpakani. Hatukuinua vichwa.

Caro ndiye aliyekuja. Alisimama mbele yetu, akatazama kitambaa, akatazama lile fungu jingine nililolirundika kando. Kivuli chake kilikuwa juu ya mikono yetu, akakisogeza.

"Hizo za zambarau ni zangu, baba," akasema polepole.

"Najua," nikamwambia. "Nakurudishia."

Nikazikusanya zote, nikamtia mkononi. Akazishika. Aliangalia uani, akaangalia njia, akaangalia shimo la taka, mkono umefumbwa, na hakujua aziweke wapi. Mwishowe akapanda nazo garini.

Walipoondoka tulikwenda mgombani, mimi na Loy. Zile nyeupe hazikutosha kujaza kiganja. Loy alichimba kwa kidole, tukaziweka, tukafukia, akamimina juu yake maji ya kisima kwa kikombe. Maji yalizama mara moja. Akasema basi, shemeji. Jioni hiyo akarudi Merikit.

Kapeti ni safi. Watu wakija wanaisifu. Mimi napita pembeni mwake, kando ya ukuta, mpaka chumbani. Siku nyingine, mlango ukiwa umefungwa na hakuna anayepita, napiga magoti pale lilipokuwa godoro, nainamisha uso kwenye manyoya, navuta pumzi mpaka kifua kijae.

Ni sabuni.